Miche inanyauka na udongo umeloa? Ni kipupwe

Kila Juni tunapigiwa simu za namna moja: "Mmetuuzia miche mibovu." Wiki iliyopita mama mmoja wa Hombolo alikuja na trei nzima ya nyanya. Udongo chapachapa, majani yamelala kama mchicha uliopita motoni. "Nimemwagilia jana jioni, baba, tena mengi."

Mengi, na jioni. Twende kwanza jikoni. Asubuhi ya baridi mafuta ya mawese yameganda kwenye chupa, lakini alizeti ya Kongwa inamiminika. Chembe nyingi za mafuta ya alizeti zina mipindo, haziwezi kubanana kama matofali, ndiyo maana haigandi upesi.

Sasa, kila seli ya mmea imefunikwa na utando wa mafuta wa tabaka mbili. Ukipoa sana unakakamaa. Mizizi inavuta maji kwa shida, chumvi zinavuja kutoka ndani ya seli, halafu jua la saa tatu linapiga majani yanayodai maji yasiyopanda. Na usiku usio na mawingu jani hupoa kuliko hata hewa yenyewe, kwa hiyo usitegemee kipimajoto cha ukutani.

Ngano ina ufundi wake. Mche wake ukikaa kwenye baridi siku kadhaa, huongeza kwenye utando asidi ya linoleniki, aina ya mafuta yenye mipindo mitatu, utando ukabaki laini. Nyanya na hoho hujaribu, ila haziifikii ngano hata kidogo. Kuongeza mbolea ya urea hapo ni kutupa hela.

Kwa hiyo kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti hatuuzi miche siku inapotoka kitalu nyumba. Inakaa nje siku saba: mwanzo mchana tu, kisha inalala chini ya neti. Oda yako itachelewa, na wapo wanaotukasirikia. Ukishapanda, mwagilia saa nne asubuhi; maji ya simtanki yaliyolala nje yajaze kwenye ndoo mapema, yaote jua kwanza.

Trei ya mama tuliiweka nyuma ya ukuta, pasipo upepo, bila kuongeza hata tone. Kufika saa saba majani yalishasimama, isipokuwa mistari miwili ya pembeni. Hiyo tulimbadilishia.