Kashata za friji

Kirumba, Mwanza
Jumapili asubuhi

Mama Kulwa mpendwa,

Mwangaluka. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani unalia, kumbe ni upepo wa hapo gatini Nansio unavuma kwenye simu.

Poleni na habari za Baba Kulwa kukutwa na sukari. Mimi nilipoambiwa nina sukari nilitoka kliniki, nikapita dukani, nikanunua soda nikainywa yote nimesimama, kama mtu anayeagana na ndugu stendi. Akili ilikuja baadaye. Kwa hiyo usimgombeze sana akikufanyia vituko wiki hizi za mwanzo.

Umeuliza vile vidude vyeusi ulivyokula kwangu Pasaka, vya karanga na chokoleti isiyo na sukari, navipikaje. Havipikwi, shoga yangu, na hilo ndilo lililonichukua miezi kulielewa.

Unazikumbuka kashata za marehemu mama. Sukari inachemka mpaka inapata rangi ya chai ya rangi, karanga zinamwagwa kwa mkupuo, mwiko unakimbia, halafu vyote vinatandazwa kwenye sinia lililopakwa mafuta. Akichelewa kukata ilibidi azipasue kwa mchi, na sisi tulikuwa tunaomba achelewe maana vipande vilivyoharibika vilikuwa vyetu. Sasa, kilichokuwa kinazishika kashata zile ni sukari. Karanga zilikuwa abiria tu. Nikajaribu kuweka asali mahali pa sukari, nikijidanganya, kwa kuwa asali ni sukari iliyopitia kwa nyuki. Mashine ya kupimia ikanisuta baada ya saa mbili. Nikaja kwenye tende, ikawa hadithi ileile. Mwishowe nikakubali kwamba hizi za kwetu wenye sukari haziwezi kushikwa na utamu, zinashikwa na baridi. Ndiyo maana wanangu wanaziita kashata za friji.

Anza na karanga. Siagi ya karanga ya kopo usiinunue kabla hujasoma nyuma, nyingine zimetiwa sukari, na kumbuka kiambato kinachoandikwa mwanzo ndicho kilichowekwa kwa wingi kuliko vingine. Mimi nanunua karanga mbichi, naziweka kwenye ungo mchana kweupe na kuzichambua moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa. Kuku nao usiwape. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga. Wale watu waliofariki Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilikuwa mahindi, lakini ukungu wa namna ile unazipenda karanga vilevile.

Kaanga kwa moto mdogo, sufuria nzito, bila kuacha kukoroga. Zikianza kupasukapasuka na harufu ikafika kwa jirani, ipua, usingoje ziwe nyeusi maana zinaendelea kuiva kwa joto lake. Zifikiche kwenye kitambaa, kisha toka nje uzipepete. Kwenu huko upepo wa ziwa utakufanyia nusu ya kazi.

Blenda ndiyo inayotaka subira. Mwanzo utapata unga. Kisha unga utaganda pembeni na blenda itakuwa inalia inazunguka bure. Zima, kwangua kwa kijiko, iache injini ipoe dakika 5. Mimi sikuiacha ipoe, na ndiyo sababu dada yangu amenunua blenda mpya kwa hela yangu. Hapo ndipo utashawishika kutia maji. Usitie! Karibu nusu ya karanga ni mafuta, yamo humohumo. Washa tena. Utaona donge moja linabingirika jagini kama ugali uliokataa kuiva, unaanza kukata tamaa, halafu ghafla donge linalegea, linang'aa, linaanza kutiririka kama uji wa ulezi. Nikifika hapo huwa nalamba kijiko na kujisamehe.

Kokoa nunua unga mtupu, usio na kitu kingine. Kopo langu la kwanza lilikuwa la kokoa ya kunywa na maziwa, nikashangilia kwamba imekuwa tamu hivi bila kuongeza chochote, mpaka mwanangu aliposoma nyuma: sukari, ya kwanza kabisa. Kokoa halisi ukiilamba unakunja uso. Inalimwa Kyela, nchi hiihii, na bado sisi wa Mwanza tunaitafuta kwa tochi.

Utamu natumia erithritoli. Ni unga mweupe wa chembechembe, ukiuona utasema ni sukari yenyewe, ila utamu wake ni kama asilimia 70 ya ule wa sukari, na unaacha ubaridi ulimini kama umetafuna mnanaa. Tabu yake ni kwamba haiyeyuki kwenye mafuta, na chokoleti yetu ni kokoa na mafuta ya nazi. Mara ya kwanza niliitia kama ilivyo, tukala mchanga. Mara ya pili nikajifanya fundi, nikaiyeyusha kwanza kwenye maji ya moto, na ile chokoleti ikakunjamana palepale ikawa tope la mfinyanzi. Chokoleti na maji hawaelewani, hata mwiko wenye unyevu unatosha kuharibu. Dawa yake ni kuisaga kwenye blenda kavu mpaka iwe vumbi. Ukimaliza usifungue mfuniko upesi, utapiga chafya mpaka Kulwa na Doto wakucheke. Kuna na stevia, inayotokana na majani, ila hiyo ukizidisha hata ncha ya kijiko inaacha uchungu kooni.

Nikuambie na hili, usije ukalisikia kwa mwingine ukadhani nimekuficha. Mwaka 2023 ulitoka utafiti ulioihusisha erithritoli nyingi kwenye damu na matatizo ya moyo. Haukuthibitisha kwamba ndiyo iliyoyasababisha. Lakini mimi niliposikia nikapunguza, na kila nikitengeneza napunguza kidogo tena. Sasa hivi nusu ya niliyokuwa naweka mwanzo inanitosha, na watoto hawajagundua.

Vipimo ni hivi. Siagi ya karanga gramu 250, hiyo ni kama kikombe kimoja. Mafuta ya nazi nusu kikombe. Kokoa vijiko 5 au 6 vya chakula. Erithritoli iliyosagwa vijiko 3, nawe utapunguza. Chumvi kidogo kwa vidole viwili, na usiiache, bila chumvi karanga zinakosa ladha. Yeyusha mafuta kwenye bakuli lililokalia sufuria ya maji ya moto, angalia mvuke usiingie. Tia kokoa na erithritoli kupitia kichujio cha chai, koroga mpaka ing'ae. Mimina kijiko cha chai kimoja kimoja kwenye trei ya barafu, weka friza dakika 10. Ikiganda, weka tone la karanga katikati, funika na chokoleti iliyobaki, rudisha friza nusu saa. Hapo unapata 24 hivi.

Sasa nije kwenye baridi. Juni hii chupa yangu ya mafuta ya nazi iko dirishani. Asubuhi naikuta imeganda, nyeupe pee kama mshumaa, kijiko hakiingii. Saa sita mchana ni maji. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 tu, na mchana wetu hapa unafika 28 bila jasho. Chokoleti ya dukani imetengenezwa kwa siagi ya kokoa, ambayo inavumilia mpaka nyuzi 34 hivi, karibu na joto la mwili. Kwa hiyo ile inakaa kwenye rafu ya duka na kuyeyukia mdomoni, na yetu inayeyukia mkononi kabla hujauliza nani anataka.

Mimi niliyajua haya kwa aibu. Nilizipeleka Sengerema kwa shangazi, kwenye boksi zuri nimelifunga na utepe. Nikapanda gari Nyegezi, nikajiambia tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe 2025 hakuna tena kukaa kungoja kivuko, nitafika zikiwa mbichi. Kweli darajani tulipita kama mchezo. Ila gari lilikuwa limesimama nusu saa likitafuta abiria, na boksi lilikuwa mapajani, upande wa jua. Shangazi alifungua utepe mbele ya wageni, akachungulia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni dawa ya kupaka?" Wakala kwa kijiko. Wakasema ni tamu, lakini jina la dawa ya kupaka limebaki mpaka leo.

Kwa hiyo ukitoka nazo, ziweke kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, na pakiti ya barafu juu. Umeme ukikatika usifungue friji kuzichungulia. Zikilainika usihuzunike, koroga, mimina tena, zinaganda upya. Kashata ya mama ikiharibika ilikuwa imeharibika, hii inakupa nafasi ya pili.

Baba Kulwa asidhani kwamba bila sukari ni sawa na bila kitu. Gramu 100 za karanga zina kama gramu 21 za wanga, na katika hizo 8 hivi ni nyuzinyuzi zisizopandisha sukari. Kwa hesabu yangu kila kimoja kina wanga wa gramu 2 au pungufu, na hilo ni jambo la kushangilia. Lakini mafuta ni mengi, kila kimoja kama kalori 100. Mimi nala viwili baada ya chakula cha usiku, nafunga friji, natoka jikoni. Na asivigeuze kisingizio cha kuongeza tonge la ugali, namjua mumeo. Apime kabla ya kula na saa mbili baadaye, siku mbili tatu, aone mwili wake unasemaje. Wangu na wake si mmoja.

Na hili lisome mara mbili. Umesema wamemwanzishia sindano za insulini. Siku akianza kutetemeka, jasho linamtoka, anaongea mambo yasiyoeleweka, sukari yake imeshuka, na hapo usimpe hizi kashata hata kidogo. Hazina sukari ya kumwinua, na mafuta yake yanachelewesha hata sukari kidogo iliyomo. Kama bado anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida, juisi au maji ya sukari, palepale. Akishindwa kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kwa hiyo pamoja na kuifukuza sukari mezani, weka kopo dogo lake mahali ambapo na Kulwa na Doto wanapajua. Mimi nilidhani kuwa na sukari ni kuifuta nyumbani moja kwa moja, mpaka nesi mmoja aliponiuliza nitafanya nini siku ikishuka, nikakosa la kusema.

Michembe yako uliyoniahidi, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, usiitume. Najua inavyopikwa na karanga, nami najua mkono wangu hauna breki. Nitumie dagaa.

Nimekupakia kopo la erithritoli, kokoa, na karanga nilizokwisha kuchambua, kilo moja na nusu. Nimempa mdogo wangu, anapanda meli ya Nansio Jumatano, mpokee gatini maana ana mizigo ya watu wengine na kichwa chake unakijua. Kopo nimeliandika kwa kalamu nyekundu USITIE KWENYE CHAI, maana kwangu liliisha kwa siku nne na kila mtu anakana.

Trei ya barafu iliyomo humo ni ya dada, yuleyule wa blenda. Naomba irudi.

Wasalimie wote, na Baba Kulwa mwambie kiti chake cha barazani kwangu bado kipo.

Rafiki yako,
Mama Neema