Risala ya Kamati ya Michezo ya Wanachuo kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kuipongeza Timu ya Riadha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi, wazee wetu wa kijiji, wanachuo wenzangu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hata tukakutana hapa. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu kwa barua ya kwanza tu. Hatujazoea. Tunajua una mambo mengi, na barabara ya kuja huku umeionja mwenyewe.

Historia ya timu ni fupi na hatutakuchosha nayo. Ilianza na wanachuo watatu waliokuwa wakikimbia alfajiri kabla ya kuoga, maana baridi ya Mbulu unaijua na maji yetu ni ya bomba. Leo ina wanachuo 14, nusu yao wasichana, kocha mmoja ambaye pia anafundisha Hisabati, na saa moja ya kupimia mwendo. Saa ni ya kocha.

Mheshimiwa, timu hiyo ndiyo iliyokwenda mashindano ya vyuo ya kanda mwaka huu na kurudi na medali tano, mbili za dhahabu. Mwaka jana tulirudi na cheti cha ushiriki. Bila kujisifu, jina la chuo sasa linavuma kanda nzima. Kati ya vyuo saba tulishika nafasi ya tatu, na ya pili ilikuwa yetu kama kijiti kisingedondoka kwenye mbio za kupokezana. Hilo tumeshasameheana.

Dhahabu zote mbili, ya wavulana na ya wasichana, zilipatikana kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wenzetu wa vyuo vingine walituuliza sana: hawa wamejifunzia wapi? Jibu la swali hilo ndilo lililotufanya tuandike risala hii.

Mbio hizo zina viunzi 28 na maji mara 7. Kiunzi cha wavulana kina kimo cha sentimita 91.4, na ukikigonga hakianguki, unaanguka wewe. Ndizo mbio ambazo Mzee Filbert Bayi, wa hapo jirani zetu Karatu, aliipatia nchi hii medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Na Mbulu hii ndiyo iliyomzaa Mzee John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Kwa hiyo kukimbia hatukuanza jana.

Chuo chetu, Mheshimiwa, hakina kiunzi hata kimoja. Kina korongo. Maji ya mvua yanayotoka kwenye mapaa ya mabweni yameukata uwanja wetu kwenye kona ya pili. Mwanzoni kilikuwa kijifereji cha kuvuka kwa hatua moja. Sasa upana wake unazidi mita mbili, kina ni cha magotini, na masika hujaa tope jekundu linalovuta kiatu na kubaki nacho. Kwenye ukingo pana gogo la mkaratusi lililokokotwa na maji hayo hayo. Kila mzunguko, wanariadha wetu hupanda gogo, huruka korongo, huendelea. Basi tukigawa pongezi za leo kwa haki, hata waliochelewesha ukarabati wana sehemu yao katika dhahabu hizi, na tunawashukuru.

Lakini korongo hilo hilo lilimvunja mwenzetu kifundo cha mguu mwezi Machi. Hakwenda mashindanoni. Yuko pale mstari wa mbele, mwenye mkongojo. Na siku kocha alipoupima uwanja kwa futi ya fundi mwashi, mzunguko ulikuwa mita 368 badala ya 400, kwa sababu kona moja tuliisogeza ndani kukwepa ufa mwingine. Wakimbiaji wetu wa mita 1,500 walifika kwenye uwanja halali wakamaliza pumzi kabla ya mstari. Walidhani wameshafika.

Kuhusu ukarabati, hatupendi kurudia ya nyuma, ila kumbukumbu za kamati zinatulazimu. Mgeni wa kwanza alituahidi greda wiki iliyofuata. Tunaamini hakutaja wiki ipi. Wa pili aliweka jiwe la msingi, na mbuzi wa kijiji wanapenda sana kivuli chake. Wa tatu alitukabidhi hundi ya mfano, ile kubwa ya kadibodi, tukapiga nayo picha, tukaimba. Hundi yenyewe hatujaiona mpaka leo. Ya kadibodi tumeitunza vizuri: nyuma yake ni nyeupe, na ndiko tunakoandika matokeo ya mazoezi. Ukiigeuza, Mheshimiwa, utaona pia muda wa washindi wako wa leo.

Hatuombi uwanja wa tatani, ule wa njia za mpira, kama wa Benjamin Mkapa. Tunaomba greda kwa siku mbili, tripu 30 za moramu, na kalavati za kupitisha maji pembeni ya uwanja. Mawe ya kujengea mtaro tumeshayasomba wenyewe, yako nyuma ya jiko. Nguvu kazi ipo, na wanakijiji wamekubali kuchimba nasi kila Jumamosi, maana watoto wa shule ya msingi jirani nao huchezea hapo. Viunzi tutachonga wenyewe, fundi seremala yupo kati yetu.

Tunaomba pia, kama itakupendeza, ahadi yako iwe na tarehe. Katibu ameandaa daftari na kalamu mezani kwako. Kalamu tumeijaribu, inaandika.

Chakula kitakuwa tayari saa saba mchana. Korongo liko hatua kama 200 kutoka hapa, na sasa hivi ni saa sita na nusu. Tumekuandalia gambuti.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, Kamati ya Michezo ya Wanachuo