Kabla hujakaza waya

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na habari za mashua mpya zimenifurahisha. Ila kuna mstari mmoja umeuandika kama jambo dogo, nao ndio ulionikosesha raha: kwamba gurudumu la usukani linacheza kidogo, na ukipata nafasi utakaza waya. Tafadhali, hizo nati usiziguse kwanza. Waya uliolegea ni sababu mojawapo tu ya gurudumu kucheza, na ukikaza bila kujua kilicholegea, utalificha tatizo mpaka likutokee siku ya upepo.

Wewe umezoea kana, ule mpini wa usukani. Ukishika kana umeushika usukani wenyewe, na chochote kilicholegea unakihisi kiganjani. Kwenye gurudumu kuna safari ndefu: gurudumu linavuta mnyororo ulio ndani ya nguzo, mnyororo unavuta nyaya mbili, nyaya zinapita kwenye roda, vile vigurudumu vyenye mfereji, chini ya sakafu mpaka kwenye lile pande la chuma lenye umbo la robo duara, lililoubana mhimili wa usukani. Kila kiungo kinaongeza ulegevu wake kidogo, na wewe unaupata wote kwa pamoja mkononi.

Basi mashua ikiwa imetulia, toa kila kitu kwenye chumba cha nyuma kule shetrini (najua umeshakijaza kamba), uingie na tochi. Mtu abaki juu azungushe gurudumu polepole, kushoto na kulia, na asizungushe kabla hujamwambia. Vidole viwe mbali na lile pande, maana likikubana halikuachi. Kazi yako ni kutazama vitu visivyopaswa kusogea: vishikio vya roda, bolti zake, na ubao zilipofungiwa. Roda ikiinuka hata kidogo kila waya unapovuta, huenda umeshampata mwizi wako.

Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika, uchore mstari mmoja unaoanzia kwenye pande na kuishia kwenye mhimili. Zungusheni tena kwa nguvu mpaka mwisho, kushoto na kulia. Mstari ukikatika, nusu moja ikiiacha nyingine, basi pande linateleza kwenye mhimili: bolti zimelegea au kabari yake imelika. Hapo hata ukikaza waya mpaka ulie kama zeze, usukani utaendelea kucheza.

Nyaya zenyewe zipanguse kwa karatasi laini ya chooni, si kwa mkono mtupu. Uzi mmoja wa chuma ukiwa umekatika, karatasi itanasa. Mkono ungetoka damu. Tazama hasa pale waya unapopinda kwenye roda, kwa sababu ndipo unapochoka. Ukikuta uzi hata mmoja umekatika, badilisha waya, tena zote mbili, maana huo wa pili umefanya kazi ileile kwa muda uleule. Ukiona vumbi la kijivu chini ya roda, usilifute ukasahau. Hilo ni unga wa alumini: waya haukai katikati ya mfereji, unasugua ukingo. Sogeza roda inyooke kwanza.

Ukishahakikisha yote hayo, ndipo ukaze. Funga gurudumu lisizunguke, ushuke ujaribu kulisogeza pande kwa mikono. Likikataa, inatosha. Ukizidisha, gurudumu litakuwa zito, roda zitalika, na hutausikia tena usukani ukizungumza nawe. Usisahau pini ndogo za kuzuia nati zisifunguke. Zilizochakaa tupa, weka mpya. Kwenye mnyororo tia oili ya injini kidogo tu. Usitie grisi, kwa kuwa inashika chumvi na uchafu, halafu inageuka kuwa tope la kusagia. Nyaya zipitishie kitambaa chenye oili nyepesi.

Siku utakapoipandisha mashua nchi kavu, shika ncha ya chini ya usukani uitikise mbele na nyuma, kisha kando kwa kando. Ikigonga, beringi zimelika. Angalia pia kama maji yanatoka ndani ya ubapa wa usukani siku kadhaa baada ya kupandishwa. Maji hupenyea pale mhimili unapoingia kwenye ubapa, na chuma kisichoshika kutu kikifungiwa ndani na maji bila hewa, hicho nacho huoza, nawe kwa nje huoni kitu.

Jambo la mwisho ni ile kana ya dharura, ya kuchomeka juu ya mhimili waya ukikatika. Usiniambie unayo, niambie umeifunga ukaijaribu. Mimi yangu niliitunza miaka miwili kama mahari. Siku nilipotaka kuijaribu, kifuniko chake cha sitaha kilikuwa kimeng'ang'ania kwa chumvi, nikapigana nacho karibu saa nzima kwa nyundo na oili. Kilipofunguka, kana ikaingia vizuri, lakini ikawa inagonga nguzo ya gurudumu kabla haijafika nusu ya mzunguko. Ningeweza kugeuka upande mmoja tu! Nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimefunga gatini. Ilinibidi niikate na kuiunga upya, ndefu zaidi na yenye kupinda.

Niandikie ule mstari wa kalamu umesema nini. Na kama umekatika, usitoke nje mpaka nije.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako daima,
Sahibu yako