Kwa wenzangu mnaoanza ufundi mkiwa na mvi

Wenzangu,

Juma lililopita nililetewa mashine ya kuchomelea ninunue. Mpini wake ulikuwa bado umefungwa nailoni. Aliyeileta ni mwanamume wa miaka 47, shati la ofisi limechomekwa vizuri, na bei aliyotaja ni nusu ya ile aliyonunulia. Kwenye pikapu alikuwa na nyingine mbili kama hiyo, grainda nne na kompresa. Sikununua. Nilikasirika hata chai ikanishinda, na ni hasira hiyo inayoandika barua hii, kwa hiyo mnivumilie.

Bwana huyu alikuwa karani hapa Kisumu. Akapunguzwa kazini, akalipwa kiinua mgongo, akasikia ufundi una pesa. Unazo, sikatai. Akakodi banda, akachorewa bango la rangi tatu, akanunua mashine, akaandika kazi vijana wawili. Yeye mwenyewe hajawahi kushika rodi ya kuchomelea. Kazi kubwa ya kwanza ikawa geti la milango miwili. Vijana wakamwambia linataka vyuma 14 vya mita 6. Nimeliona geti lenyewe. Mimi ningetumia 9 na kipande kingebaki. Vile vitano vingine mnajua vilikokwenda.

Na hata hilo geti halikukutana katikati. Hakuna aliyepima mshazari. Moto huvuta chuma, jamani. Unashikiza kwanza kwa nukta kwenye kona zote nne, unapima kutoka kona hadi kona, mshazari huu na ule, na vipimo vikilingana ndipo unachomelea, tena kwa kurukaruka: kona hii, kisha ile inayoielekea. Mwanagenzi wa mwezi wa pili anajua hivyo. Mwenye bango hakujua, na mwenye geti alikataa kulipa.

Sasa analia kwamba ameibiwa. Ameibiwa, ndiyo, lakini nilipomuuliza kwa nini hakujifunza kwanza, aliangalia viatu vyake. Nami jibu ninalijua, kwa sababu niliwahi kuwa nalo.

Mwaka 1998 nilipunguzwa kazini nikiwa na miaka 38 na watoto wanne. Nilikwenda Kibuye, pale mafundi wa jua kali wanapogonga vyuma, nikapokelewa na kijana wa miaka 22. Nilimwita "wewe kijana". Yeye aliniita "mzee", na kwa heshima zote akanipa ufagio. Mwezi mzima nilifagia, nikateka maji, nikashika vyuma huku wengine wakikata. Nikienda nyumbani namlalamikia mke wangu kwamba mtoto mdogo ananidharau. Siku moja akaniambia: "Ukienda hospitali ukamkuta daktari mdogo kuliko wewe, unamwita kijana?" Nilinuna. Nilikaa wiki nyingine nzima kabla neno "fundi" halijanitoka mdomoni, na lilitoka kama mwiba wa samaki. Lakini siku hiyohiyo kijana yule alinipa rodi na kipande cha chuma kibovu, akasema nichore mistari hadi rodi iache kunata kwenye chuma.

Aibu ni hiyo tu. Mtu mzima yuko tayari kupoteza pesa za watoto wake kuliko kupiga magoti mbele ya kijana, huku wale aliokuwa nao ofisini wakipita na matatu ya Kondele. Heri sisi wa kuchomelea, kwani ngao inafunika uso! Fundi wa cherehani hana pa kujificha.

Na aibu hiyo nani aliipanda? Ni sisi. "Usiposoma utaishia jua kali." Mwalimu alisema, mzazi akaitikia. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo mwanangu wa kwanza, huku karo yake inatokana na madirisha niliyochomelea. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani liliandika katika ripoti yake kuhusu Kenya kwamba hizi kazi ndogondogo ni uchumi halisi, si uzururaji. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4, tukaambiwa watoto watafundishwa useremala na uashi, wazazi tukachangishwa kujenga karakana. Karakana ya shule ya kijijini kwetu leo ni stoo ya mahindi.

Sisi mafundi nasi hatuna usafi wa kujivunia. Wako wanaopokea ada ya mwanagenzi, kisha wakati wa kupima na kupiga hesabu ya vyuma wanamtuma akalete soda. Anarudi kazi imekwisha. Ukiona unatumwa dukani kila futikamba inapotolewa, hama.

Mengine nitayataja tu. Kiinua mgongo kiwe cha chakula cha mwaka mmoja. Mwaka huo usinunue chochote isipokuwa viatu, glavu na ngao. Andikianeni karatasi na fundi wako: ada, muda, utafundishwa nini. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani inautambua mkataba wa uanagenzi, usione ni makuu. Ukiiva, fanya mtihani wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, uanze na daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza. Kituo chao kiko papa hapa Kisumu, na huhitaji kupitia chuo. Wa umeme, fuateni leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli.

Ila la macho nitalirefusha, kwa kuwa vijana hawawezi kuwaambia, halijawafika. Mtu akishavuka miaka 40 haoni vizuri vitu vya karibu. Unainama juu ya chuma, nyuma ya kioo cheusi, unatakiwa kuona kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kisichozidi punje ya mahindi, nawe huoni. Unadhani mkono ni mzito, unakata tamaa, unarudi nyumbani. Mkono hauna neno. Vaa miwani yako ya kusomea ndani ya ngao. Mimi nilihangaika miezi mitatu kabla ya kugundua. Na usidanganywe kwamba mwanga wa kuchomelea hauumi kwa sababu hujasikia kitu. Utausikia usiku, kama umetiwa mchanga machoni. Vyuma vilivyopakwa zinki navyo hutoa moshi mweupe ambao utakutetemesha usiku kama mwenye malaria. Watakuambia unywe maziwa. Kunywa kama una njaa. Dawa ni kukwangua ile zinki na kufanyia kazi penye upepo.

Yule bwana nilimwambia arudi na mashine moja, nyingine auze alipe kodi ya banda. Sijui kama atarudi. Kwake na kwenu nyote: ninayo nafasi moja, Kibuye, tunafungua saa moja na nusu asubuhi. Anayefundisha ni binti wa miaka 24, anaitwa fundi. Njoo na viatu vya ngozi na miwani ya kusomea. Ufagio upo.