Mbao za kesi

Makambako,
Jumapili jioni

Wakili msomi, ndugu yangu,

Kamwene! Nawe jibu "kamwene" hivyohivyo, uanze kujizoeza, maana barua yako nimeisoma mara mbili na safari hii naona hutanii. Unataka kuiacha ofisi ya ghorofani uje ufungue chumba chako mkoani. Umeuliza kama kesi zipo, kama pesa ipo, na familia inaishije. Nitakujibu, ila usitegemee mpangilio. Leo kichwa changu chote kiko kwenye mbao.

Kesi zipo, na za ardhi ndizo zinazotulisha. Shamba ambalo ukoo mzima ulilisahau, shangazi akabaki analima viazi peke yake, likishaota parachichi kila mjukuu anakumbuka mpaka ulipopita. Wengine wanakuja ile miaka 12 ya kudai ardhi imeshapita zamani. Kumweleza mzee wa watu kwamba ukimya wake ndio uliomponza ni kazi ambayo hatukufundishwa pale Shule ya Sheria. Baraza la Ardhi na Nyumba liko Njombe, kama kilomita 60, kwa hiyo siku ya shauri natoka saa kumi na moja alfajiri, na baridi ya huku mwezi wa sita unaijua kwa kusimuliwa tu. Mara nyingine unafika, unaambiwa mwenyekiti ana udhuru, unarudi.

Kilichorahisika ni lugha. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 Kiswahili kikawa ndicho lugha ya mahakama, wateja wanafuata kinachosemwa, tena wananisahihisha. Juzi nimesimama nasema "mpaka wa asili", mzee wangu akanivuta koti: "Mwanangu, ule si mpaka, ule ni mfereji niliuchimba mwenyewe." Baraza zima likacheka. Ushahidi wote wa siku ile ulikuwa kwenye mfereji huo.

Pesa kubwa ni ya msimu, pesa ndogo haikauki. Muhuri wa kamishna wa viapo ndio unaolipa pango. Watu wanakuja na vyeti vyao, kitambulisho cha taifa kimeandikwa Christina, cha darasa la saba Kristina, mwajiri hamtaki hata mmoja mpaka wote wawili waapishwe kuwa ni mtu yuleyule. Wengine wanalipa kwa gunia la viazi, na wakati wa masika kuna anayekuja na dumu la ulanzi akidhani nitagonga muhuri kabla halijachachuka.

Huku kujuana kunasaidia. Mwaka jana bwana mmoja alileta fomu za mkopo, anaweka rehani nyumba ya familia, na kama ujuavyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza. Akaja na mke, kajifunga kitenge kizuri, kalamu mkononi. Sasa mke wa kweli wa yule bwana anaimba sauti ya pili na shemeji yako kila Jumapili. Nikawaambia naomba nimpigie mama simu nimsalimie kwanza. Wakaondoka bila kuaga. Huko kwenu ungegonga muhuri, na usingekuwa na kosa.

Lakini kujuana huko kunakula pande zote mbili, na ndiko ninakokwenda.

Unajua tuna yadi ya mbao. Tuliianza mwaka ule nilipokaa miezi miwili sijapata hata kiapo. Bosi ni shemeji yako, mimi nasaini nikiambiwa. Mwezi wa tatu kijana mmoja alitushushia fuso ya mbao za mpaini, mbili kwa nne na mbili kwa sita, bei yake chini kidogo ya wengine. Kibali cha kusafirishia alikuwa nacho, barua ya kijiji anayo, na nakala ya uteuzi wake kama msimamizi wa mirathi ya marehemu baba yake, ina muhuri wa Mahakama ya Mwanzo. Ile karatasi niliishika kwa mikono yangu. Jina lipo, muhuri upo, tukalipa. Sikumuuliza fomu namba 5 iko wapi, ile ya orodha ya mali, wala namba 6 ya hesabu. Sikuuliza ile miezi minne ya kuzipeleka mahakamani imeishia wapi, wala kama wenzake wanajua anavuna. Maswali hayohayo mteja angenilipa niyaulize.

Wiki tatu baadaye akaja dada mmoja ofisini, mtoto mgongoni, kakaa kwenye benchi tangu saa mbili. Analalamika kwamba kaka yake kavuna miti yote ya baba yao na ndugu hawajaona hata senti. Nikafungua daftari, nikaandika, nikamuuliza shamba liko kijiji gani. Alipokitaja kalamu ikasimama. Alikuwa amelipa mgongo dirisha, na nyuma yake vijana wetu walikuwa wanapakia kwenye guta mbao zenye rangi nyekundu vichwani. Za baba yake.

Nikamwambia palepale. "Dada, hizo mbao nimenunua mimi. Zile pale." Akageuka, akatazama weee. Nilikuwa najiandaa kwa kilio au matusi. Akauliza, "Zimebaki ngapi?"

Tukatoka kwenda kuhesabu. Yeye anahesabu kwa sauti, mtoto amelala mgongoni, mimi naandika, shemeji yako kasimama mlangoni na kitabu cha risiti. Zikafika mia mbili na kumi na mbili. Lile guta tukalishusha mizigo, mwenye nalo akanuna mpaka leo.

Kumwakilisha sikuweza, hilo halina mjadala. Nikamwelekeza kwa mwenzetu mmoja Njombe. Nauli nilipompa aliikataa, akaipokea kwa shemeji yako. Sasa ameomba mahakama ileile iliyomteua kaka yake imuondoe usimamizi. Unakumbuka zamani Mahakama ya Mwanzo hatukuruhusiwa kuingia, tunakaa chini ya mti mteja anatoka kuja kuuliza ajibu nini? Siku hizi tunaingia, alimradi anayeketi ni hakimu mkazi. Mimi nami naingia Jumatano hii, ila kama shahidi.

Mbao nimezipanga kona ya yadi, nimezifunika turubai. Vijana wanaziita "mbao za kesi". Wateja wanazichungulia, wanataka bei, wanaambiwa haziuzwi, wanadhani tunasubiri zipande. Mtaji umelala pale, ada ya muhula wa pili inadaiwa, na nyumbani hapajapoa. Shemeji yako anasema tulinunua kihalali, risiti ipo, mwenye kosa ni aliyeuza. Juzi usiku akaniambia, "Ungekuwa muuza mbao tu, ungeshaziuza. Ungekuwa wakili tu, usingezinunua." Akageukia ukutani. Nusu ya maneno yake ni kweli, sijui nusu ipi.

Mjomba wa yule kijana ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Amenipigia mara mbili, hasemi kitu cha maana, anaulizia mifugo. Kinyozi nikiingia mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Na Ijumaa binti yangu, yuko kidato cha pili sasa, alirudi shule akala kimya, halafu akauliza kama ni kweli baba ameiba mbao. Nilimchukua yadi nikafunua turubai, nikamweleza toka mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza, kisha akataka kujua kwa nini sikumuuliza yule kaka kuhusu ndugu zake. Nikamwambia nilikuwa na haraka. Ni kweli, nilikuwa na haraka, kulikuwa na mteja wa kiapo anasubiri.

Basi njoo kwanza mwezi wa nane, utembee, uone. Lete sweta mbili. Ukipanda basi la Songea mwambie kondakta mapema, kituo kina vurugu na wao hawasubiri.

Jumatano nasimama mbele ya hakimu ambaye kila wiki namwambia "mheshimiwa, shahidi huyu si wa kuaminika". Nilikuwa nimeandaa ile suti nyeusi. Shemeji yako ameirudisha kabatini, kanitolea sweta la yadi, lile lenye vumbi la mbao mikononi. Anasema ndilo nililovaa siku ile nikilipa.

Wako,
wa Makambako