Shukrani kwa binti wa barazani Langoni

Mwanangu, jina lako hukulitaja, nami kwa haya sikuuliza. Mimi ni yule mama Mbajuni niliyekimbia Kismayu kwa vita, 1991, mwenye simu iliyopasuka kioo. Jioni tatu ulikaa nami barazani, kahawa ikapoa, ukinifundisha kubadili nywila na kuficha namba ya siri ya M-Pesa hata kwa mjukuu (alinuna huyo!). Kisha, kunionyesha matapeli wanavyoiga sauti za watu, ukanisikilizisha sauti yako iliyoundwa na akili mnemba ya kompyuta, ikiomba nauli. Mwili ulinisisimka.

Juzi "ndugu yangu" wa Mombasa kapiga, analia, ataka pesa upesi. Nikamuuliza marehemu mama alikuwa akimwitaje utotoni, kama ulivyonielekeza. Simu ikakatwa.

Mungu akulipe kheri. Pita nyumbani, mkate wa mofa upo.