Kaka wa sweta la kijani pale Mwanjelwa, Mbeya, asante

Kaka yangu, jina lako sikulishika, ila Jumamosi ile ya mvua uliniokoa. Siku tatu nilikuwa nahangaika na programu ya bei za parachichi za Rungwe, na Xcode, chombo cha kutengenezea programu za iPhone, inakataa tu: kiunganishi (outlet, uzi unaofunga kitu cha kwenye skrini na msimbo wake) hakiwezi kufungwa kwenye kitu kinachojirudia.

Ulivuta stuli, kompyuta yangu hukuigusa hata mara moja. Ukauliza, "Mdogo wangu, hiyo lebo ni ya skrini au ya seli?" Nikanyamaza. Lebo ya bei, yaani maandishi yanayoonyesha bei, nilikuwa nimeiunganisha na klasi ya skrini (msimbo unaoiendesha), na seli, yaani kisanduku cha mstari mmoja wa orodha, inajirudia kila mstari. Skrini itajuaje lebo ni ya mstari upi? Ukanielekeza niunde klasi ya seli yenyewe, inayorithi UITableViewCell (klasi ya Apple ya seli za orodha), niipe seli jina la klasi hiyo, kisha nivute kiunganishi kipya. Ukakazia sana kwamba kile cha zamani nikifute kwanza, kwani kikibaki Xcode itaendelea kukataa.

Bei zikajipanga: Tukuyu, Kiwira, Katumba. Mikono ilinitetemeka kwa furaha. Nilipogeuka nikuagizie chai, ulishapanda daladala.

Ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), kaka.